Mstari Ambao Sikuuchora Mimi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, katibu muhtasi wa Idara ya Hisabati, tunayemwita Mama Rula, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Rula yake ya chuma anaondoka nayo. Tuliomba ibaki, akakataa.

Aliajiriwa kupiga chapa barua. Mwaka wa pili akabebeshwa michoro ya grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, na tangu hapo hakuna mhadhiri aliyethubutu kuchora mwenyewe. Miandiko yetu inajulikana.

Kitengo chetu hutafuta nukta moja iliyofichwa ndani ya grafu kwa njia ya matembezi ya kwantamu. Mtafutaji wa kawaida hufuata njia moja moja. Wa kwantamu husambaa njia zote kwa wakati mmoja, lakini ukimchungulia tu, unamkuta mahali pamoja. Tulipomweleza, Mama Rula hakushangaa. Alisema mumewe akitumwa dukani huwa hivyo hivyo: yuko mtaa mzima, ila ukimfuata unamkuta kwa fundi redio.

Miaka tisa iliyopita, mimi ninayeandika wasifu huu nilikuwa nimekwama. Utafutaji wangu haufiki popote, na mkataba wangu uko ukingoni. Nikampa Mama Rula mchoro wa nukta sitini na nne ausafishe. Wiki hiyo kompyuta, iliyolishwa mchoro wake, ikaipata nukta kwa hatua kumi na moja. Nilikagua siku tatu, ndipo nikaona mstari nisioujua. Nikashuka ngazi nimefura. Alinijibu bila kuinua macho kwamba nukta ile ilining'inia kwa mstari mmoja, kama choo chetu cha ghorofa ya pili, ambacho wageni walikuwa wakipotea wakikitafuta mpaka kikatobolewa mlango wa nyuma; ndiyo maana akaiongezea mstari wa pili. Nikapanda ngazi nimenywea.

Makala ikachapishwa, mkataba ukaongezwa, nikapewa ofisi yenye dirisha. Yeye nilimnunulia soda. Jina lake halikuonekana hata kwenye shukrani, na hajawahi kunisema. Nimeona haya miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita nililiandikia jarida, nikaeleza mstari ule ulikuwa wa nani. Masahihisho yametoka jana: makala ina waandishi wawili, na jina la kwanza ni lake. Nilimpelekea mezani. Aliyasoma mara mbili, akafuta miwani, akayapiga picha amtumie binti yake, kisha akaniambia nirudi kazini.

Mama Rula, idara nzima inakushukuru, nami nakuomba radhi mbele yao. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, mwandishi mwenzangu.