Miguu ya Kiti cha Mwalimu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka lililofungwa siku nyingi. Kahawa nauza mimi, kwa hiyo nasikia hata nisiyoyatafuta, ingawa ninayoyatafuta ndiyo mengi. Ng'ambo ya barabara kuna hekalu la Kihindu la waja wa Krishna, na ubavuni mwake kibanda cha Mama Cherehani, mshonaji. Siku hiyo benchini walikuwa watatu: Mkasi kinyozi, Breki dereva mstaafu, na Kengele, mzee wa hekalu anayegonga kengele ya alfajiri. Mwalimu mkuu wa hekalu amefariki, kiti cha mafundisho kitupu. Wazee watano ndio wanaoamua nani akikalie. Wawili wanamtaka Mama Cherehani, maana beti zote za kitabu chao anazo kichwani. Wawili wanasema mwanamke hakalii pale. Wa tano ni Kengele, na kikao ni jioni ile ile. Alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

— Sasa mkono wako uko upande gani? — Mkasi akamuuliza.

— Umeshika kikombe, — Kengele akajibu. — Ndugu yangu, si jambo dogo. Watawa wetu wameapa kutomtazama mwanamke. Akikaa mbele, watatazama wapi?

— Wafumbe macho, — Breki akasema. — Abiria wangu walikuwa wanafumba, na tulikuwa tunafika.

— Tatizo si macho, ni sauti, — Mkasi akadakia. — Sauti ya mwanamke nyembamba, inapanda. Mafundisho yatapita juu ya vichwa, yaishie kwenye feni.

— Ndiyo maana mkeo akikuita husikii? — Breki akamuuliza.

— Nasikia. Naogopa tu kwenda.

Breki akajiweka sawa, nikajua sasa tunaingia porini.

— Mimi nasema ni kiti chenyewe. Kimekaliwa na wanaume miaka arobaini, kimezoea. Gari langu, siku mke wangu aliposhika usukani, lilikataa kabisa kuwaka.

— Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, — nikamwambia. — Tulikutafuta mchana kutwa.

— Bibi, wewe mimina kahawa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa kiti kina manne. Piga hesabu ya hasara.

Nikamgeukia Kengele.

— Mwanangu, zile beti unazoziimba alfajiri mpaka naamka kabla ya jogoo, ulifundishwa na nani?

Akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo.

— Na yeye. Miaka sita, yeye anashona, mimi narudia. Nikikosea, anasimamisha cherehani.

— Ehe?

— Lakini ya kibandani ni ya kibandani, Bibi. Ya kitini ni ya kitini.

Hapo akatokea seremala, mgeni kwetu, kiti cha mwalimu kichwani, msumeno mkononi. Akakitua mbele ya benchi.

— Mzee wa hekalu ni nani hapa? Nimeitwa kupunguza miguu. Wanasema marehemu alikuwa mrefu kama nguzo, mwingine akikikalia ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Kinatakiwa alfajiri. Nikate kwa kipimo cha nani?

Mkasi akakuna kidevu. Breki akakumbuka ana kiatu cha kufunga.

— Mmeita msumeno kabla ya kumjua mkaaji? — nikauliza.

— Kiti ndicho kitu pekee tulichokubaliana wote watano, — Kengele akasema, taratibu.

— Mimi kukata nakata, — seremala akasema. — Kurefusha siwezi. Nani anafundisha kesho?

Kengele akaweka kikombe chini, kahawa ingalimo. Akavuka barabara. Tukamwona anasema neno mlangoni kwa Mama Cherehani, kisha kwa adabu zao akageuka, akampa mgongo, uso akatuelekezea sisi. Nyuma yake mama akajipima kwa utepe wake mwenyewe, kisigino mpaka goti, akanong'ona.

— Fundi! — Kengele akaita. — Sentimita arobaini na moja!

— Ya nani?

— Ya mwalimu. Jioni nitawaambia wenzangu, mkono wangu niliunyoosha mapema.

Seremala akashika msumeno. Mama Cherehani akachungulia begani kwa Kengele.

— Punguza mbili, fundi, — akasema. — Mto wa kukalia nimeshaushona.