Apondi Aomba Watu Waje Getini

Kijiwe chetu kilikuwa Kitengela, ng'ambo ya barabara ukitoka chuoni, kati ya kibanda cha redio na jiko la kahawa la Hilowle. Ilikuwa mwaka wa 2006. Benchi ilikuwa yetu watu wanne: Ngui fundi wa redio, tuliyemwita Waya, Abdiaziz muuza mbuzi, aliyeitwa Bei ya Mwisho kwa sababu hakuwahi kuwa nayo, Oyoo, karani wa kiwanda cha simiti, na mimi. Kila Jumamosi alasiri tulifungulia redio ya chuo, maana mtangazaji alikuwa Apondi, binti wa Oyoo. Alikuwa akicheza nyimbo mpya za vijana ambao hakuna stesheni iliyowataka, wamejirekodi wenyewe kwa vyumba vya kupanga. Siku hiyo Oyoo alikuja amenuna.

— Leo ndiyo mwisho, akasema. Mkuu wa chuo anasema hakuna mtu husikiza hiyo programu.

— Amejuaje? nikauliza.

— Ati hakuna mtu amewahi kupiga simu studio.

— Na simu ya studio si iliharibika wakati wa mvua? Waya akaruka. Apondi mwenyewe aliniambia. Sasa itapigwa na malaika?

Oyoo akatingisha kichwa.

— Mimi nilimwambia asome uhasibu, aachane na hii maneno. Akaniuliza, "Baba, nisipowacheza mimi, watachezwa na nani?"

— Hii ni njama, Baba Apondi, akasema Bei ya Mwisho. Stesheni kubwa za Nairobi zimeogopa.

— Ziogope redio ya chuo? akauliza Oyoo.

— Wallahi! Si mnasema simba mwenda pole ndiye mla nyama? Sasa si mmeona wenyewe, hii redio inaenda pole kabisa.

— Wacha uongo, Waya akamkata. Shida ni vumbi ya simiti. Mawimbi yanabeba vumbi, yanakuwa mazito, yakifika mto wa Athi yanaanguka ndani. Ndiyo maana Nairobi hawasikii.

— Kwa hivyo samaki wa huko wanajua nyimbo zote mpya? nikamuuliza.

— Samaki mkunje angali mbichi! akanijibu, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

— Na mbuzi zangu je? Bei ya Mwisho akapaza sauti. Zikisikia ngoma za Nairobi zinatoroka. Zikisikia za Apondi zinatulia, zinanenepa. Hii programu ikifungwa, nyama itapanda bei mpaka Loitokitok!

— Nyamazeni, akasema Hilowle. Mtoto anaongea.

Sauti ya Apondi ilikuwa ikitetemeka. Alisema wimbo wa mwisho ni wa msichana wa Rongai, yeye na gita lake, na ukisikiza vizuri utasikia mvua ikigonga mabati alipokuwa akirekodi. Jina lake lilimezwa na mikwaruzo ya redio. Kisha msichana akaimba, taratibu, kama mtu anayeongea na ukuta: *Nimepanga nyumba, moyo bado mgeni.*

Hakuna aliyegusa kikombe. Oyoo alitoka Siaya, Abdiaziz Garissa, Ngui Machakos. Sote tulikuwa wapangaji. Wimbo ulipoisha, Oyoo alikuwa ametoa miwani, anaifuta kwa shati.

— Simu yetu haifanyi kazi, Apondi akasema hewani. Kama kuna mtu ananisikia, tafadhali kuja hapa kwa geti. Hata kama ni wewe peke yako.

Oyoo akasimama.

— Baba Apondi, unaenda wapi? akauliza Bei ya Mwisho.

— Kwani hamjasikia? Nimeitwa.

Tukavuka barabara nyuma yake. Hilowle alibeba birika, Bei ya Mwisho akaswaga mbuzi wake kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Tulidhani tutakuwa sisi tu. Lakini pale getini tulikuta akina mama wa saluni, mmoja nywele nusu zimesukwa. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Isinya walikuwa wakishuka kwa lori. Wazee wawili wa Kimaasai walifika na redio ndogo sikioni. Sikuwa najua hata mmoja wao husikiza. Kila mtu alidhani anasikiza peke yake.

Mkuu wa chuo akatoka akikimbia.

— Kuna nini? Mnataka nini?

— Tumepiga simu, akasema Waya. Yetu ni ya miguu.

Watu wakaangua kicheko, kisha wakaanza kuimba ule mstari, umati mzima. Apondi akatokea mlangoni, spika za masikio shingoni. Alituona, akafunika mdomo. Oyoo akainua mkono kama mtoto wa shule.

— Mimi ni msikilizaji, akasema. Ya leo imenishika, binti yangu.

Apondi akamkimbilia. Mkuu wa chuo alitazama umati, akatazama mbuzi waliokuwa wakila maua yake, akasema programu itabaki na simu itatengenezwa. Kelele iliyopigwa hapo, hiyo hakika ilivuka mto.

Tulirudi kwa benchi tukipigana mabega. Mama mmoja aliyetufuata kutoka getini, aliyejitambulisha kama Wahu, akapewa kahawa. Akanywa kidogo, akauliza:

— Na huyo msichana wa Rongai, anaitwa nani?

Waya akamtazama Bei ya Mwisho. Bei ya Mwisho akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe.

Oyoo akatoa simu mfukoni.

— Apondi, ni baba. Hapana, hakuna shida. Nataka tu kukuuliza kitu kuhusu kazi yako.