Mwalimu Apolinari na Pambizo la Kulia

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha falsafa chuoni kwetu, Mwalimu Apolinari Rwegoshora anastaafu tarehe 30 Juni. Mie Hamdiya wa Ofisi ya Mitihani nimepewa kuandika wasifu wake kwa kuwa, eti, ndimi niliyegombana naye sana. Ni kweli.

Alikuja kutoka Bukoba, akapanga nyumba Mabibo, na hajahama hadi leo. Somo lake lilikuwa Falsafa na Teolojia ya Magharibi, na hakulifundisha peke yake. Teolojia ilikuwa ya Mchungaji Allen Tusajigwe. Walisimama darasani pamoja wakibishania swali lililowasumbua wanazuoni wa Ulaya karne na karne: je, akili ya binadamu inajitosheleza, au bila imani inaishia mlangoni? Apolinari alisema falsafa si mtumishi wa ndani wa teolojia. Tusajigwe alijibu kwamba hata mwenye nyumba huishiwa chumvi, akapiga hodi kwa jirani. Kelele zao zilifika kantini.

Hata kusahihisha walisahihisha hivyo. Pambizo la kushoto la karatasi ya mtihani lilikuwa la Apolinari, wino mwekundu, alama hamsini. La kulia la Tusajigwe, wino wa kijani, hamsini zake.

Miaka sita iliyopita Tusajigwe alifariki, wiki mbili kabla ya mitihani. Matokeo yalipofika ofisini, loo! Darasa zima hakuna aliyevuka hamsini. Nikapanda bajaji hadi Mabibo, nimefura. Mwalimu akanikaribisha chai, kisha akaniambia kwa upole kwamba hamsini zilizobaki si zake kuzitoa. Hasira ikaniisha palepale. Idara ikaamua alama zake tuzizidishe kwa mbili.

Mwalimu wa teolojia hakupatikana tena. Apolinari akatetea pande zote mbili mwenyewe, na mara nyingine alinyamaza katikati ya sentensi, akisubiri kukatizwa. Wanafunzi aliwataka waache pambizo la kulia wazi, naye hakuandika kitu humo. Amefundisha walimu, mapadri na mawakili, na nusu ya vitabu vya idara ni zawadi yake. Lakini chai ya saa nne alikunywa peke yake. Sie tulikuwa na haraka. Tulimwacha, na inaniuma.

Wiki iliyopita alileta karatasi za mwisho alizosahihisha. Swali la kwanza ni lilelile la miaka yote: je, akili yaweza kusimama peke yake? Kwenye karatasi ya juu, pambizo la kulia, kwa wino wa kijani na mwandiko wa Apolinari, pameandikwa: Allen, haiwezi.

Nisamehe, Mwalimu, kwa kuyatoa maneno hayo hadharani. Ahsante kwa miaka yote uliyotupa. Mungu akujalie afya na siku zenye raha. Falsafa siijui, ila kubishana unajua naweza. Alhamisi saa nne nakuja Mabibo, bandika chai ya watu wawili.