Boti ya Marehemu Haivuki Nusu ya Bwawa

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, ukutani kwa karakana ya kuchomelea vyuma. Alasiri ile halikukaliwa na mtu, juu yake ililazwa boti. Boti ya plastiki, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ya kuendeshwa kwa rimoti. Mwenyewe, fundi friji, walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Aliyeirithi ni mdogo wake, waliyemwita Digrii kwa sababu hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, na hakuna aliyetaka kuinunua. Jana alimkalisha mama yao kitini kando ya bwawa la machimbo, aione boti ikienda na kurudi kama Jumapili za marehemu. Ikafika katikati, ikazima. Upepo ndio ulioirudisha, ubavu ubavu. "Hata hii imekwama katikati," mama alisema, na tangu hapo hajatia kitu kinywani. Leo Digrii alikuwa ameahidi kwamba itarudi. Mama yuko njiani.

— Tatizo ni grisi, alisema Cheche, mchomeleaji, vidole tayari viko ndani ya boti. Mhimili wa propela umekauka. Nishaupaka.

— Nani kakutuma? Digrii aliruka. Tunabadilisha kitu kimoja, tunajaribu, ndipo tunagusa kingine. One variable at a time, jamani!

— Kizungu hakielei, bwana mdogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo desturi ya kijiwe: tatizo likifika pale, hata liwe la ndoa, kila mtu lazima aliguse.

Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa, aliinama akaitazama antena.

— Kiwaya hiki kimesimama kwa kiburi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Akakiinamisha, akakisukumia chini kabisa, tumboni mwa boti.

— Wakili, signal haipiti majini! Antena inakaa juu!

— Samaki wanaitanaje?

Digrii alihisi miaka yake yote ya chuo ikimpanda kooni kama kiungulia.

— Mnahangaika na nyaya bure, alisema Mama Kahawa, akimimina. Kitu hiki kimefiwa. Mbuzi wa jirani yangu aligoma kula mpaka akavalishwa shati la marehemu.

— Kwa hiyo tuivalishe boti shati?

— Nimesema shati mimi? Nimesema kimefiwa.

— Mie nawaambia ni joto, Cheche alidakia. Mota inakosa hewa. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Akang'oa kifuniko, utepe wa kuzuia maji ukachanika wote.

— Umefanya nini? Itaingia maji!

— Boti ikiogopa maji, ikalime.

Walicheka, kisha wakaacha kwa pamoja. Mzaha ule ule walikuwa wakimpigia marehemu, hapo hapo, naye akitabasamu tu huku anaipangusa boti yake kwa kitambaa.

Wakili akakohoa, akatafuta pa kutokea.

— Kwanza, kosa si la boti. Chini ya bwawa wachimbaji waliacha mashine. Bado inawaka, inakula mawimbi ya rimoti. Wakubwa wanajua, wamenyamaza.

— Na ajira je, nazo ziko chini huko? Digrii alifoka. Maana huku juu nimezitafuta mpaka soli imeisha!

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yao, kigoda kwapani, kanga ya msiba bado mabegani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu.

Aliitazama boti: grisi imetapakaa, kifuniko kiko mkononi mwa Cheche, antena haionekani.

— Ninyi mlikaa naye hapa kila jioni, alisema.

— Kila jioni, mama, alijibu Wakili. Alikuwa mwenzetu kabisa.

— Basi mwelekezeni mdogo wake. Marehemu alikuwa akiwasha kipi kwanza, boti au rimoti?

Cheche alimtazama Wakili. Wakili, aliyejua mpaka siri za chini ya bwawa, akatazama ndani ya kikombe. Mama Kahawa akafuta birika lisilo na doa. Digrii alijaribu kumwona akilini kaka yake akitoka mlangoni na boti kwapani, akaona kioo cha simu yake mwenyewe. Jumapili zote zile hakuwahi kuinua macho.

Mama akakiweka kigoda chake chini pale pale, akakaa.

— Alikuwa na maneno mengi juu ya hii boti, alisema taratibu. Usiku kucha angeweza kunieleza. Mimi nikimwambia, mwanangu, haya mie siyaelewi, nenda kawaeleze wenzako.