Nishani ya Bati ya Mwalimu Nicodemo

Mwalimu Nicodemo Qamara anastaafu tarehe 30 Juni, 1976, baada ya kushika chaki miaka thelathini na mmoja, kumi na tisa kati yake hapa shuleni kwetu Dongobesh.

Somo lake ni historia. Kila mwaka darasa la saba lilisikia habari za Nishani ya Taji la Bavaria, ufalme mmoja wa Ujerumani. Mfalme Maximilian Yosefu aliianzisha mwaka 1808 kuwatunuku raia waliotumikia vizuri. Mtu wa kawaida akipewa, alihesabiwa kabaila. Ufalme wenyewe ulianguka mwaka 1918. Kilichompendeza Mwalimu ni sharti moja tu: mwenye nishani akifa, jamaa zake wanairudisha.

Basi akakata bati la kopo la mafuta, akalifunga utepe, likawa nishani ya shule kwa sharti lile lile. Aliyeivaa kwanza ni mlinzi, marehemu Patriki. Wanawe waliirudisha siku ya tatu ya msiba, ikaenda kwa mpishi, Mama Ludovika.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, akaja mkaguzi. Jamani! Kuona taji la mfalme ubaoni, akafoka kwamba shule ya Ujamaa haifundishi ukabaila, na kwamba Mwalimu ataondolewa darasani. Mwalimu alijieleza mpaka jasho likamtoka. Wapi!

Mara hodi. Alikuwa mzee Margwe, mume wa Ludovika, na bati mkononi. Mke wake ana homa kali, akasema, na yeye mume hataki msiba umkute na kitu cha shule nyumbani. Mkaguzi aliposikia kwamba nishani yenyewe ni ya mpishi, na kabla yake ilikuwa ya mlinzi, akafunga daftari. Mwalimu akabaki.

Sisi tulioona bati linarudi tulijua basi, mpishi ametutoka. Tukabeba mahindi ya msiba mbio mbio, tukamkuta Ludovika anakunywa uji. Alitusema vibaya sana. Mahindi alipokea, na bati lake tukamrudishia.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemtunuku Mwalimu chochote, na mimi jambo hilo limeniuma. Wiki iliyopita Mama Ludovika aliivua nishani mwenyewe. Sharti linataka afe kwanza, amegoma kusubiri. Leo atamvalisha Mwalimu.

Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kuheshimu jiko na lindo. Nenda Basotu ukalime, ule samaki, ucheze na wajukuu. Bati letu litarudishwa shuleni siku moja, ndiyo sharti. Lakini tunakuomba sana, uchelewe.