Sentimita na Barua Aliyoikatia Kola

Wafiwa na wote mliokuja kutushika mkono, tunayemsindikiza leo, fundi cherehani mliyezoea kumwita Sentimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akimfuata dada yake, aliyembeba mgongoni na ambaye tangu hapo hakusikilizwa naye hata siku moja.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akajifunza kushona, akafungua chumba chake cha kazi tarehe 2 Juni 1980, akafunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1983, akichelewa kwa sababu alikuwa anapunguza suruali ya shemeji yake, wakajaliwa watoto watatu.

Februari 2022 alianza kukojoa damu, akasema ni uchovu wa kukaa, dada yake akamwambia kiti hakimkojozi mtu damu, ndipo akaenda amenuna. Zahanati ikasema ni mawe, anywe maji, akanywa maji miezi minne, mpaka picha ya hospitali kubwa ikaonyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, kinyama kikakatwa, kikapelekwa maabara.

Tarehe 18 Julai alikabidhiwa majibu ampelekee daktari. Akapitia kazini, akakuta karatasi za kukatia zimekwisha na sare za kwaya zinangojwa, akafungua bahasha, akaona jina la ugonjwa refu kama treni, akaamua kitu kirefu hivyo hakiwezi kuwa chake, akaipiga barua mkasi ikawa kipimo cha kola na cha mfuko wa shati. Nyumbani akasema majibu bado. Wiki tisa! Mkewe alipokwenda kufagia akaona kola ukutani imeandikwa ARUDI HARAKA, akamwita wifi yake, wakaunga vipande kwa gundi, nusu ya ugonjwa kwenye kola, nusu kwenye mfuko.

Daktari wa figo, binti mwenye subira ambayo sisi hatukuwa nayo, alisema ni saratani adimu, ameiona mara mbili tu, figo ikatolewa tarehe 3 Oktoba, dripu za dawa zikafuata, lakini ilikwisha kufika mapafuni. Dada alimuuliza mara mbili kama zile wiki tisa zingemwokoa, daktari akasema hajui, na mgonjwa kitandani akasema, "Dada, mwache mtoto wa watu, uulize mkasi."

Alifariki tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliompeleka kwenye dripu kwa zamu, na mafundi wenzake waliomalizia zile sare.

Pumzika kwa amani, Sentimita, na huko uendako ukiitwa, tafadhali, itika mara ya kwanza.