Mama Rufaa, Aliyezidai Saa Zake Sita

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, kifungua mimba wake, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye sisi tulimwita mama, kazini walimwita dada mkubwa, na mtaa mzima mlimwita Mama Rufaa, na naomba mnivumilie nikisoma mbio, maana nikisimama kidogo sauti itakatika, na mama hakupenda jambo liishie katikati.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe mshona nguo, na mwenyewe alikuwa akisema ndiyo maana hakuna doa lililomshinda, kwa kuwa alinusa sabuni kabla ya kunusa maziwa.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwezi Januari 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza, hayo ni maneno ya mwalimu wake kwenye ripoti na ripoti tunayo mpaka leo, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto, basi akarudi nyumbani kumsaidia bibi kushona vifungo.

Tarehe 2 Februari 1984 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli ya ghorofa nne inayotazamana na stendi, akaanza kwa kukunja mashuka, akapanda kwenye pasi, na mwaka 1989 akapewa meza ya kukabidhi nguo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana bila meza hii mengine yote hayataeleweka. Pale kila nguo ilishonewa kwa ndani utepe mdogo wenye namba, na nguo haikutoka mezani mpaka watu wawili wameusoma ule utepe, mmoja anasoma namba kwa sauti, wa pili anatazama daftari na kuitikia, ndiyo yenyewe, na asipoitikia shati halitoki, hata kama mwenye shati amesimama mlangoni kifua wazi na harusi inamngoja, na mama alikaa kwenye meza hiyo miaka thelathini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 2021, bila shati hata moja kwenda kwa asiye mwenyewe.

Ni kwenye meza hiyohiyo alikokutana na baba, fundi wa baiskeli, ambaye kila Jumatatu alileta shati moja jeupe, lilelile, na wiki ya nne mama akagundua kwamba linaletwa likiwa safi, akamwambia kaka, kama unataka kufuliwa njoo na uchafu, kama unataka mengine sema, baba akasema, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992, na shati hilo ndilo alilovaa siku ile, na ndilo alilovaa leo, mnamwona pale mbele.

Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 9 Juni 1996, na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1999, ila kuzaliwa kwangu ndiko kulikompa mama jina la Rufaa, kwa hiyo siwezi kupita juu juu.

Nilizaliwa saa moja asubuhi, katika hospitali kubwa ya mji huu, wodi ya wazazi, kitanda cha tatu, nikachukuliwa kwenda kupimwa uzito, na saa tatu kamili muuguzi mmoja, peke yake, mwenye haraka zake, alisimama miguuni pa kitanda akamwambia mama pole, mtoto wako amefariki, akageuka akaenda zake, na mama alisema kitu pekee alichokumbuka ni viatu vya yule muuguzi, kimoja kina kamba na kingine hakina. Baba akaitwa kazini, akaenda kwa seremala mikono ikiwa bado na grisi, akarudi amekumbatia kisanduku cha mbao kisichozidi urefu wa mkono wake, wakakaa nacho pale kitandani mpaka saa tisa alasiri, muuguzi yuleyule akarudi amebeba mtoto mzima ananyonya vidole, akasema samahani mama, tepe za miguuni mwa watoto zilichanganywa, wako ni huyu. Mtoto huyo ndiye mimi ninayewasomea.

Saa zile sita nilikuwa kitanda cha nne, nikinyonyeshwa na mama mwingine, ambaye mtoto wake ndiye aliyefariki na yeye hajaambiwa, akaja kuambiwa wakati uleule wananitoa kifuani kwake, na mama huyo mnamjua, ndiye mama mkubwa aliyekaa karibu na baba, na nimemwomba ruhusa kabla ya kulisema hili. Mama hakukubali kutoka wodini bila kuzungumza naye, na mama mkubwa alimwambia mama, mdogo wangu, mimi sina nguvu ya kusimama mbele ya mtu yeyote, wewe ukienda popote, nisemee na mimi.

Mama akaenda. Tarehe 17 Machi 1997 alifungua shauri la madai, akiidai hospitali kwa maumivu ya moyo waliyomtia kwa uzembe, na hapo ndipo maneno yalipoanza, wapo waliosema kwenye foleni ya maji kwamba wenzake hulia wamepoteza, huyu analia amepata, wapo waliomuuliza ati ungependa wasingekurudishia, na hata baba, naye ameniruhusu kulisema, alimwambia, mke wangu, mtoto tunaye, mengine tuyaache, mama akamjibu mtoto tunaye, sawa, na zile saa zangu sita nani anazo. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, watu waliendelea kucheka. Kile kisanduku seremala alikataa kukipokea tena, mama akakifanya cha kutunzia karatasi za kesi, na kila shauri lilipoitwa alikwenda nacho kwapani, mpaka askari wa mlangoni wakazoea, wakaacha kukifungua.

Shauri lilisikilizwa kwa mara ya mwisho mwezi Agosti 2001, chumba namba mbili, panka linalalamika juu kama mlango usio na mafuta, na wakili wa hospitali, mtu mrefu ambaye mama alisema kola yake imepigwa pasi na mtu mwenye hasira, aliomba mtoto asimamishwe juu ya benchi, nikasimamishwa, umri miaka mitano, gauni la rangi ya chungwa, akanionyesha kwa kidole akasema mheshimiwa, hiki ndicho kielelezo chetu, hili ndilo kaburi analolililia mdai, watu wakacheka, na mimi kwa kuwa watu wanacheka nikacheka, nikawapungia mkono. Tarehe 5 Oktoba 2001 hakimu akasoma hukumu, kwamba maumivu ya moyo yasiyo na jeraha mwilini hayana fidia, kwamba mtoto ameonekana mahakamani akiwa mzima na mwenye furaha, na kwamba mdai ashukuru, arudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo watoto wenzangu waliniita Kielelezo, na mimi, sikuwahi kumwambia mtu, nilikua nikiamini kwamba mama alishindwa kwa sababu mimi nilicheka.

Tarehe 1 Novemba 2001 mama alikata rufaa, peke yake, bila wakili, mwanamke wa darasa la saba, na rufaa hiyo iliahirishwa mara kumi na moja, mara jaji yuko safari, mara jalada halionekani, mara wakili wa upande wa pili ana mafua, na mama kila mara alirudi, akavua viatu, akawasha pasi, akaniambia soma. Nilianza nikiwa na miaka minane, wenzangu wakisoma hadithi za sungura na fisi mimi nasoma sababu za rufaa, nasoma mstari, mama anasukuma pasi na kuitikia ndiyo yenyewe, na mstari asiouitikia tulikuwa tunaufuta na kuuandika upya, hivyo ndivyo hoja zake zilivyoandikwa, juu ya mashati ya watu.

Siku ya kusikilizwa, tarehe 14 Mei 2007, mama mkubwa alikuja, hakuwa ameingia mahali penye watu wengi kwa miaka, akakaa benchi la mbele, na jaji alipomuuliza mama ni kitu gani hasa alichopoteza ikiwa mtoto anaye, mama alisema mheshimiwa, mtoto ni mmoja lakini uchungu niliopewa ni wa aina mbili, wa kuzaa ulikuwa wangu na siudai, wa kuzika haukuwa wangu, nilibebeshwa, na yule dada aliyekaa pale alipewa furaha isiyo yake akanyang'anywa, yeye hayumo kwenye karatasi hizi lakini naomba asikike. Kisha akasema sisi kwenye chumba cha kufulia tunakabidhi nguo mia nne kwa siku, na hakuna shati linalotoka bila watu wawili kusoma utepe, mmoja asome, mmoja aitikie, mimi nauliza tu, hospitali inashindwa nini kumfanyia mtoto wa mtu kile tunachofanyia shati. Wanasema wakili yule mrefu alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana.

Hukumu ilisomwa tarehe 22 Juni 2007, miaka kumi na miezi mitatu tangu afungue shauri, nami nilikuwepo, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Fidia ilikuwepo, siitaji, mama mwenyewe hakuwa akiitaja, alichokishika ni ukurasa wa kumi na saba, aliufunga kwenye nailoni akautundika juu ya meza ya pasi, na ukurasa huo unasema hivi, naunukuu: saa sita ambazo mrufani aliishi kama mzazi aliyefiwa zilikuwa saa za kweli, na uzima wa mtoto haukuzigeuza kuwa ndoto, moyo nao ni kiungo cha mtu, ukijeruhiwa kwa uzembe sheria haina sababu ya kutafuta damu, na kuhusu mtoto kuonekana akicheka mahakamani, furaha ya mtoto ni mali ya mtoto, haiwezi kutumiwa kumnyamazisha mama. Niliposikia hayo nilianza kulia mpaka askari akaniletea maji, na mama akaniinamia akaniuliza wewe una nini tena, tumeshinda, na sikumweleza, nikamwambia ni furaha. Na jaji akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo, katika hospitali ile, habari ya kifo isitamkwe kwa ndugu kabla watu wawili hawajasoma utepe, mmoja akisoma, mwingine akiitikia.

Siku hiyo mama alitembea kutoka mahakamani mpaka hapa kwa miguu, kisanduku kichwani, mama mkubwa amemshika mkono, pasi zote pale hotelini zikazimwa watu wakatoka barabarani na aproni zao, na walewale wa foleni ya maji wakampisha achote kwanza, akacheka, akasema mimi sikuja na ndoo. Wanafunzi wa sheria walianza kuja mezani kwake kumtazama, akiwauliza wana namba ya nguo au wamepotea, na mwaka 2012 akaja wakili mwenyewe, yule mrefu, na mashati matatu, mama akampigia pasi kola kwa mkono wake, akamkabidhi akamwambia haya kaka, sasa unaweza kushinda.

Tarehe 11 Januari 2024 mama aligunduliwa ana ugonjwa wa figo, na tarehe 20 Februari mwaka huohuo nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, katika wodi ileile, na madaktari walimkataza mama kutoka kitandani, naye akaja na kanga mbili na mkongojo, akasimama mlangoni, wauguzi wawili wakafika na mwanangu, mmoja akasoma utepe wa mguuni, wa pili akaitikia ndiye mwenyewe, na kule mlangoni sauti ya tatu ikaitikia pia, wauguzi wakageuka, hawakujua ni nani yule mgonjwa anayejua kazi yao. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa mwoga, nashinda mchana kutwa nikisikiliza mtoto kama anapumua, na siku moja ndipo nikamweleza mama kuhusu kile kicheko changu cha benchini, mama akanishangaa sana, akasema mwanangu, pale chumbani walikuwepo watu wazima ishirini, ila wewe ndiye uliyenikumbusha nilichokuwa nakidai, ulipocheka mimi niliona ni nini kile nilichoambiwa nikizike.

Hali yake ilibadilika mwezi Oktoba, akalazwa, na tarehe 2 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, nikiwa kwenye benchi la nje na mwanangu mgongoni, walinijia wauguzi wawili, sio mmoja, wakanipeleka hadi kitandani, mmoja akasoma utepe wa mkononi, jina lake kamili na namba, wa pili akaitikia, ndiye mwenyewe. Ninyi mnajua nilikotoka, nilifikiri labda tepe zimechanganywa tena, nilisema someni tena, wakasoma tena, hawakuonyesha hasira wala haraka, nikasema tena, na mara ya tatu yule wa kwanza aliposoma, wa pili alinyamaza akanitazama, na mimi ndiye niliyeitikia.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada aliyempata kitanda cha nne, na ukurasa wa kumi na saba. Kisanduku kimewekwa miguuni pake, karatasi zote zimo, isipokuwa huo ukurasa, huo nimebaki nao mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ile, nasema ileile, kwa kumtunza na kwa kutuambia kwa namna aliyoidai yeye, tunawashukuru wenzake wa meza ya kukabidhi waliofua na kupiga pasi kila kitambaa mnachokiona hapa, tunawashukuru majirani kwa maji na kwa viti, na hata mliomcheka tunawashukuru, maana alisema mlimfundisha kujibu.

Mama, utepe umesomwa, tumeitikia, safari hii hakuna kosa la mtu yeyote, hakuna cha kukatia rufaa, weka pasi chini, pumzika kwa amani.